Akiba yaweza kuoza: Jinsi ya kulinda vyombo katika chumba cha kukodi

WAHENGA walituachia methali kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kufungua chumba alichokifunga miaka miwili iliyotangulia, akakuta godoro limeota kuvu, vitabu vimegeuka kichuguu na milango ya kabati imevimba, anafahamu kwamba akiba huoza, tena upesi, iwapo haikuwekwa inavyopasa.

Suala hili si dogo kwa wakazi wa Kitengela na Kaunti ya Kajiado kwa jumla. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo ambalo sasa ni kaunti hiyo. Ile ya 2019 ilipata watu 1,117,840. Kitengela, mji ulioko takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, ni miongoni mwa miji iliyopokea wageni wengi, sawa na Ongata Rongai na Ngong.

Palipo na wahamaji hapakosi vyombo vilivyokosa mahali. Kuna familia iliyoacha nyumba ya kupanga jijini Nairobi ili ielekeze pesa za kodi katika ujenzi wa nyumba yake Kisaju au Isinya. Kuna mfanyakazi aliyehamishiwa kaunti ya mbali, na kijana aliyepata mkataba wa kazi Qatar au Saudi Arabia. Wapo pia wafanyabiashara waliofunga duka wakisubiri nyakati bora, na watoto waliorithi vyombo vya wazazi lakini hawajaafikiana nani achukue nini.

Hao wote hutafuta chumba cha kukodi cha kuhifadhia mali. Wengi hupakia vyombo kwenye lori siku moja, wakavirundika chumbani hadi darini, wakatia kufuli na kwenda zao wakiamini kwamba kazi imekwisha.

Kufuli huzuia mwizi. Halizuii unyevu, mchwa, panya, vumbi wala deni. Hao ndio maadui watano wa mali iliyofungiwa chumbani kwa miezi mingi, na kila mmoja ana namna yake ya kukabiliwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba namna hizo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji maandalizi ya siku mbili au tatu kabla ya lori kuitwa.

KUCHAGUA CHUMBA

Vyumba vinavyokodishwa kwa shughuli hii aghalabu ni vya aina tatu. Kuna maghala yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, ambapo kila mpangaji ana ufunguo wake. Kuna makontena ya chuma, yale yanayotumiwa kusafirisha shehena baharini. Halafu kuna vyumba vya kawaida katika nyumba za kupangisha au nyuma ya maduka.

Jambo la kwanza la kukagua ni sakafu. Sehemu kubwa ya nyanda za Kitengela ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hufura unaponyeshewa na kunywea wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu majengo yasiyochimbiwa msingi wa kutosha hupata nyufa. Ufa kwenye sakafu si kasoro ya sura tu. Ni mlango wa unyevu msimu wa mvua, na mlango wa mchwa mwaka mzima.

Mtu anayekagua chumba ainamie pembe ambapo sakafu hukutana na ukuta. Akiona rangi iliyobambuka, chumvi nyeupe inayochipuka ukutani au mstari wa maji yaliyokauka, ajue chumba hicho hulowa. Akiona vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani, ajue mchwa wamekwisha kutangulia.

Jambo la pili ni paa. Katika nyanda hizi, jua la mchana huwa kali na usiku huwa na baridi, hasa kati ya Juni na Agosti. Bati lisilokuwa na dari hupata joto jingi mchana, kisha hupoa haraka usiku. Hewa yenye unyevu iliyo chini yake hugeuka matone, na matone hayo huanguka juu ya vyombo. Hali ni mbaya zaidi ndani ya kontena la chuma lisilokuwa na matundu ya kupitishia hewa. Wenye mali huamini kwamba paa linavuja, ilhali maji hayo yametokana na hewa ya ndani.

Kwa hivyo, iwapo ni kontena, mwenye mali aulize kama limetobolewa matundu yenye wavu pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite. Iwapo ni chumba cha mabati, aulize kama kina dari. Njia nyepesi ya kupima paa ni kufunga mlango mchana na kutazama juu gizani. Kila tundu litajionyesha kwa mwangaza.

Jambo la tatu ni mkondo wa maji nje ya jengo. Mvua za masika za 2024 zilisababisha mafuriko katika sehemu nyingi za nchi, Kitengela ikiwa mojawapo. Majirani wa jengo wanakumbuka maji yalifika wapi, na hawana sababu ya kuficha. Waulizwe wao kabla ya kuulizwa mwenye jengo. Chumba kilichoinuliwa ngazi mbili tatu kutoka ardhini ni bora kuliko kile kilicho sawa na barabara, hata ikiwa ada yake ni ya juu kidogo.

KINACHOSTAHILI KUHIFADHIWA

Si kila chombo kinastahili kulipiwa kodi. Tuchukulie kwamba ada ya chumba ni Sh4,000 kwa mwezi, na kwamba mwenye mali atakuwa mbali kwa miezi 18. Hizo ni Sh72,000. Akilipa Sh6,000 za lori wakati wa kupeleka na kiasi hicho wakati wa kurudisha, jumla inafika Sh84,000.

Ajiulize basi iwapo makochi yaliyochakaa, meza ya mbao za kubandika na godoro la miaka saba vinafikia thamani hiyo. Ikiwa havifikii, ni heri viuzwe au wapewe jamaa, pesa ziwekwe akiba, na vipya vinunuliwe wakati wa kurejea. Baada ya kupunguza hivyo, huenda mtu akagundua kwamba chumba cha nusu ya ukubwa kingemtosha.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia chumbani kwa hali yoyote. Cha kwanza ni mtungi wa gesi, hata ukiwa umebakisha kidogo tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni katika chumba kilichofungwa, ikisubiri cheche. Petroli, mafuta ya taa, rangi na dawa za kuyeyushia rangi ziko katika kundi hilo.

Moto hauheshimu ukuta wa jirani. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, mahali ambapo mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kuweka kituo cha gesi. Moto huo ulifika hata kwenye ghala la nguo. Anayekodi chumba ana haki ya kuuliza majirani zake wa ukuta mmoja wamehifadhi nini, na mwenye jengo ana wajibu wa kujua.

Cha pili ni chakula. Unga, mahindi, maharagwe, sukari na hata chakula cha mbwa huwaita panya kutoka mbali, na panya akikosa chakula hugeukia waya na nguo. Kabati la jikoni lipanguswe hadi chembe ya mwisho. Kibaniko cha mkate kigeuzwe na kung'utwa.

Cha tatu ni hati. Hati miliki ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya masomo, daftari la gari na wosia havina nafasi katika chumba cha kukodi. Katika kaunti ambako mashamba huuzwa na kununuliwa kila uchao, kupoteza hati miliki ni kujitafutia safari ndefu za ofisi za ardhi. Hati hizo zibaki na mwenyewe, au kwa wakili, au katika benki inayotoa huduma ya kuhifadhi nyaraka. Picha zake zichukuliwe kwa simu na kutumwa kwa mtu mmoja anayeaminika.

KUFUNGASHA

Kanuni ya kwanza ni kwamba kisafi na kikavu ndicho kinachoingia. Jasho, mafuta na mabaki ya chakula kwenye kitambaa huwavutia nondo na mende. Nguo, mapazia, blanketi na vyandarua vifuliwe na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, hata kwenye pindo. Nguo ikifungashwa na unyevu kidogo tu, wiki chache zatosha kuifanya ioze.

Kanuni ya pili ni kuchagua chombo kinachofaa. Sanduku la bati, lile ambalo wanafunzi huenda nalo katika shule za bweni, lingali miongoni mwa vihifadhio bora. Panya hawalitoboi na mchwa hawalili. Familia nyingi zina masanduku kama hayo yaliyobaki baada ya watoto kumaliza masomo. Humo ziwekwe nguo nzuri, vitabu, albamu za picha na shuka. Ndoo kubwa za plastiki zenye vifuniko vinavyobana pia hufaa, mradi kilichomo kiwe kikavu.

Katoni ni rahisi kupatikana katika maduka ya jumla, lakini zina udhaifu wao. Huchukua unyevu, na mchwa huzipenda kwa kuwa zimetengenezwa kwa mti. Zitumiwe kwa sahani na vyombo vya jikoni, na zisiguse sakafu kamwe. Katoni iliyowahi kubeba matunda au nyama isitumiwe, kwani harufu na mayai ya wadudu hubakia humo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, kwa hivyo desturi ya zamani ya kusokomeza nguo katika mifuko hiyo haina nafasi tena. Kwa upande wa uhifadhi, hasara si kubwa. Plastiki inayobana nguo au sofa hufungia ndani unyevu uliomo, na kitambaa huota kuvu kikiwa kimefunikwa vizuri. Inayofaa kuwa juu ya vyombo ni shuka kuukuu ya pamba, ambayo huzuia vumbi huku ikiruhusu hewa ipite. Nailoni nzito mahali pake ni chini, juu ya sakafu, ili izuie unyevu unaopanda. Kwa ufupi, nailoni iwe chini na shuka iwe juu.

Vumbi lenyewe lisipuuzwe. Kiangazi cha Kitengela huja na upepo unaopeperusha udongo mkavu, na katika eneo jirani la Athi River kuna viwanda vya saruji. Vumbi laini hupenya chini ya mlango na kutua ndani ya redio, kompyuta na cherehani. Kipande cha blanketi kuukuu kilichosokotwa na kubanwa chini ya mlango huzuia sehemu kubwa ya vumbi hilo.

Sahani na bilauri zifungwe moja moja kwa karatasi za magazeti yaliyokwisha kusomwa, na sahani zisimamishwe kwa ubavu badala ya kulazwa zikilaliana. Sahani iliyolazwa hubeba uzito wa zote zilizo juu yake. Hata hivyo, wino wa gazeti huchafua. Usigusane na nguo nyeupe, vitambaa vya meza wala picha.

Vitabu vitiwe katika katoni au masanduku madogo. Sanduku kubwa la vitabu haliinuki, na likiinuka hupasuka chini. Kipimo ni uzito ambao mtu mmoja anaweza kubeba bila kupumzika.

VYOMBO VYA UMEME NA SAMANI

Jokofu lizimwe siku mbili kabla ya kuhamishwa, barafu iyeyuke yote, lisafishwe na kupanguswa hadi likauke. Lisafirishwe likiwa wima. Chumbani, mlango wake uachwe wazi kidogo kwa kuwekewa kitambaa kilichokunjwa, kwani jokofu lililofungwa huota kuvu na kunuka vibaya kiasi kwamba halitumiki tena. Ikiwa kuna watoto wanaofika mahali hapo, mlango huo ufungwe kamba ili usifunguke zaidi ya upana wa vidole viwili.

Mashine ya kufulia nguo ina maji yanayobaki ndani ya mipira hata inapoonekana kavu. Mipira ifunguliwe na maji yamwagwe. Runinga bapa isilazwe. Isimamishwe, na ikiwezekana irudishwe katika katoni yake ya awali, kioo kikielekezwa ukutani na godoro au blanketi likiwa mbele yake.

Betri zitolewe katika saa za ukutani, rimoti, tochi na vidude vya watoto. Betri ndogo ikiachwa ndani kwa muda mrefu huvuja na kuharibu kifaa. Betri kubwa za sola, ambazo nyumba nyingi za Kajiado zinazo, zisifungiwe chumbani kwa mwaka mzima. Betri isiyochajiwa hufa. Ni heri iachiwe jamaa aitumie.

Vitanda, meza na makabati yanayofunguka yafunguliwe. Skurubu na nati za kila samani zitiwe katika kifuko kidogo cha kitambaa na kifuko hicho kifungwe kwenye samani yenyewe. Ukiziweka zote katika kopo moja, siku ya kurudi fundi atatumia muda mrefu kutafuta ipi ni ya wapi.

Makochi yakae kwa miguu yake, na mito yake isikandamizwe na mizigo. Godoro la sponji lilazwe bapa juu ya vyote, au juu ya mbao, wala lisikunjwe na kufungwa kamba, kwani baada ya miezi mingi mkunjo hauondoki.

Katika nyumba nyingi za kaunti hii kuna pia vitu visivyoweza kununuliwa tena: mikufu ya shanga ya nyanya, mavazi ya ngozi, kibuyu cha maziwa. Ngozi huota kuvu upesi kuliko kitambaa. Ipanguswe, ianikwe kivulini, kisha ifungwe kwa kitambaa cha pamba. Kibuyu kisafishwe hadi harufu ya maziwa iishe, kwa sababu panya wanaijua harufu hiyo. Vitu kama hivi viwe vya mwisho kuamuliwa, na kama kuna jamaa mwenye nyumba kavu na moyo wa kuvitunza, heri akabidhiwe yeye.

KUPANGA CHUMBA

Kwanza itandikwe nailoni nzito sakafuni. Juu yake ziwekwe mbao juu ya matofali, au zile fremu za mbao ambazo viwanda na maduka makubwa hutumia kuwekea shehena. Mbao hizo zikaguliwe kwanza. Ubao wenye matundu madogo na unga unaodondoka una wadudu, na kuuingiza chumbani ni sawa na kumkaribisha adui kwa mkono.

Kila chombo kiwe umbali wa shubiri moja kutoka ukutani. Nafasi hiyo ina kazi mbili. Hewa hupita, na jicho huona. Mchwa wakianza kupanda ukuta, vijia vyao vitaonekana kabla ya kufikia kabati. Chumba kilichojazwa hadi ukutani huficha uharibifu mpaka siku ya kuhama.

Vizito viwe chini na vyepesi juu. Iachwe njia nyembamba katikati, kutoka mlangoni hadi nyuma. Vitu vitakavyohitajika mapema, kama vile nguo za baridi, vifaa vya shule au zana za fundi, viwe karibu na mlango. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

Katika kontena au chumba kisichokuwa na dari, turubai lifungwe juu kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, likiwa na mteremko na lisiguse vyombo. Matone yakianguka yatafuata mteremko hadi pembeni, hayatatuama juu ya makochi.

Kazi yote ifanywe siku kavu. Katoni zilizonyeshewa kwenye lori huingiza chumbani maji ambayo hayana pa kutokea. Kwa sababu hiyo, Januari na Februari, au Agosti na Septemba, ni miezi bora kuliko Aprili na Novemba.

MALI NA DAFTARI

Methali nyingine husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katoni na kila sanduku lipewe nambari kwa kalamu ya wino mzito, iandikwe pande mbili na si juu pekee, kwa kuwa juu hufunikwa na sanduku jingine. Katika daftari iandikwe nambari hiyo na vilivyomo ndani. Nje ya sanduku iandikwe nambari tu. Kuandika 'kompyuta' au 'runinga' kwa herufi kubwa ni kumwelekeza mwizi.

Vyombo vya umeme viandikiwe nambari yake ya kiwandani, ile iliyo nyuma au chini ya kifaa. Iwapo chumba kitavunjwa, nambari hiyo ndiyo itakayowawezesha polisi kukitambua kifaa kikipatikana, na ndiyo kampuni ya bima itakayoitaka. Ripoti ya wizi inayosema tu kwamba runinga nyeusi imeibwa haina nguvu nyingi katika kitabu cha OB.

Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa mwenye mali na nyingine kwa mtu aliyeachiwa ufunguo. Picha za chumba zichukuliwe kabla ya mlango kufungwa, kutoka kila pembe.

MKATABA NA DENI

Adui wa tano haonekani kwa macho. Mtu anayekaa mbali na kushindwa kulipa ada miezi mitatu minne anaweza kupoteza kila kitu, hata kama hakuna mchwa mmoja aliyeingia chumbani.

Kenya ina sheria inayohusu kuuzwa kwa mali ambayo mwenyewe hakuja kuichukua, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya. Gazeti Rasmi la Serikali huchapisha mara kwa mara ilani zinazotolewa chini ya sheria hiyo, nyingi zikihusu magari yaliyoachwa gereji au katika maegesho. Ilani hizo kwa kawaida humpa mwenye mali siku 30 alipe ada na kuchukua mali yake, la sivyo iuzwe. Mtu aliye ng'ambo ni nadra aione ilani hiyo kwa wakati.

Iwapo makubaliano ni ya kupanga chumba, wala si ya kumkabidhi mtu mwingine mali aitunze, mwenye jengo anaweza kutumia sheria ya kunasa mali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi, Sura ya 293. Kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Mwenye jengo hana ruhusa ya kuvunja kufuli na kugawa vyombo kwa hiari yake.

Kwa hivyo, mkataba uandikwe, hata kama chumba ni cha mtu mnayefahamiana. Ueleze ada na tarehe ya kulipa, muda wa ilani endapo malipo yatachelewa, simu na anwani za watu wawili wa kuarifiwa, saa ambazo mpangaji anaruhusiwa kuingia, na nani mwingine ana ufunguo. Ueleze pia nani atagharamia uharibifu utakaotokana na paa kuvuja. Mikataba mingi husema kwamba mali huwekwa kwa hatari ya mwenyewe. Anayeweka sahihi bila kusoma kifungu hicho hana pa kulalamikia baadaye.

Malipo yafanywe kwa M-Pesa au benki, na ujumbe wa kila malipo uhifadhiwe. Anayesafiri amwachie jamaa mmoja idhini ya maandishi ya kulipa, kuingia na kuchukua vyombo kwa niaba yake. Bila idhini hiyo, hata ndugu wa toka nitoke anaweza kuzuiwa langoni.

Kuhusu bima, mara nyingi bima ya vyombo vya nyumbani hufungamana na anwani iliyoandikwa kwenye mkataba wa bima. Vyombo vikihamishwa bila kampuni kuarifiwa, fidia inaweza kukataliwa. Mwenye bima aiandikie kampuni barua, na ajibiwe kwa maandishi iwapo vyombo vingali na kinga katika chumba cha kukodi. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba kampuni hiyo imesajiliwa na mamlaka ya bima, IRA.

KUKAGUA

Chumba kisichofunguliwa ni chumba kisichojulikana hali yake. Mtu aliyeachiwa ufunguo akitembelee angalau mara moja kwa mwezi. Hahitaji kupangua vyombo. Afungue mlango kwa saa moja hewa ipite, amulike tochi nyuma ya vyombo na kando ya sakafu, anuse, na atazame kinyesi cha panya na vijia vya mchwa. Harufu ya uvundo hutangulia kuvu kuonekana.

Ziara mbili hazifai kukosekana: ile ya wiki ya kwanza ya masika, kuanzia Machi, na ile ya wiki ya kwanza ya vuli, kuanzia Oktoba. Mvua ya kwanza ndiyo huonyesha paa linavuja wapi na sakafu inalowa wapi. Kasoro ikigunduliwa siku hiyo, hasara huwa katoni moja. Ikigunduliwa miezi sita baadaye, hasara huwa chumba kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mitego ya panya inafaa kuliko sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya kochi ambapo hakuna awezaye kumfikia. Makaa makavu yaliyowekwa katika kopo wazi hupunguza harufu, lakini mtu asidanganyike kwamba yatakausha chumba kinacholowa. Chumba cha aina hiyo hakina dawa ila kuhamwa.

Kabla ya kutia kufuli basi, mwenye mali amteue mtu huyo wa kukagua, ampe ufunguo, daftari na nauli ya kufika Kitengela mara moja kila mwezi. Nauli ya mwaka mzima haifikii bei ya jokofu moja. Na kama hana mtu wa kumwachia jukumu hilo, afikirie upya kama ni vyema kuhifadhi vyombo hivyo, au kuviuza vingali na thamani.